Hajanipiga tangu nihame, lakini haniachi nipumue: mahakama inaweza kunisaidia?

SWALI: Wakili, shikamoo. Niliachana na mume wangu miezi minane iliyopita, baada ya kunipiga kwa mara ya tatu. Tangu nihame hajaninyooshea mkono. Lakini jioni nikitoka kazini namkuta ameegesha gari ng'ambo ya barabara, amekaa tu, hasemi kitu. Nikimfungia namba anaibuka na nyingine. Anajua hata nilikokwenda Jumapili, na sikumwambia mtu. Polisi waliniambia hayo ni mambo ya mke na mume, na maadamu hajanipiga hawana la kumfungulia. Dada yangu anasema nikaombe amri ya ulinzi mahakamani. Kaka anasema karatasi haizuii kisu, itamchokoza tu. Tuna mtoto wa miaka minne. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na kaka yako, kwa sababu asemalo lina ukweli na sitaki ulisikie kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwingine. Mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado nchini Marekani, Jessica Gonzales alikuwa na amri ya mahakama dhidi ya mume waliyetengana naye. Mwanamume huyo akawachukua binti zao watatu. Mama akapiga simu polisi, akapiga tena, usiku akaenda kituoni mwenyewe, na kila mara aliambiwa asubiri. Kulipokaribia kucha watoto wote watatu walikuwa wamekufa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba katiba haikumpa haki ya kuwadai polisi waitekeleze amri ile. Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikasema kinyume, kwamba serikali ilikiuka haki zake na za wanawe. Wakati huo watoto walikuwa na miaka kumi na miwili kaburini.

Kwa hiyo amri si ukuta. Anayekuuzia kama ukuta anakudanganya.

Sasa tazama inachofanya. Leo akiegesha gari ng'ambo ya barabara, hajavunja sheria yoyote ambayo askari wa zamu anaifahamu. Barabara ni ya wote. Wewe ndiye unayelazimika kueleza kwa nini mtu kukaa ndani ya gari lake ni jambo la kutisha, na unaeleza huku unatetemeka, mbele ya askari anayetazama saa. Siku amri ikitoka ikiwa na maneno yanayostahili, kosa linakuwa kule kuwepo kwake pale. Askari hahitaji tena kupima nani mkweli baina yenu. Ana maswali matatu tu: amri ipo? Mhusika alikabidhiwa? Yuko mahali alipokatazwa? Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na karibu kila nitakalokueleza hapa ni la kuhakikisha maswali hayo matatu yanajibika kirahisi siku utakayopiga simu.

Hao waliokurudisha nyumbani kwa sababu hujapigwa walikosea. Kumwandama mtu, yaani kumfuata, kumvizia na kumtumia ujumbe asioutaka, kunatambuliwa na sheria nyingi kuwa ukatili hata kama ngumi haijarushwa. Jimbo la California lilitunga sheria ya jinai dhidi ya uandamaji mwaka 1990, baada ya mwigizaji Rebecca Schaeffer kuuawa mlangoni kwake mwaka 1989 na mtu aliyekuwa akimwandama kwa muda mrefu. Kenya, katika Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015, imeutaja uandamaji miongoni mwa aina za ukatili, na kinga yake inamfikia hata aliyekwisha kuachana na mwenzi wake. Tanzania haina sheria ya peke yake ya ukatili wa nyumbani, lakini Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kumzuia mtu asimsumbue mwenzi wake, hata baada ya talaka. Afrika Kusini wana sheria ya ukatili wa nyumbani ya mwaka 1998, na nyingine ya mwaka 2011 kwa anayesumbuliwa hata na mtu ambaye hawana uhusiano wowote. Ukirudi kituoni, usiombe wamkamate kwa kukupiga. Sema: "Nimekuja kuandikisha taarifa ya kuandamwa na mtu aliyewahi kunipiga." Omba dawati la jinsia kama lipo, na usiondoke bila namba ya taarifa. Hata wasipofanya chochote, namba hiyo ni tarehe, na tarehe utaihitaji.

Ombi lenyewe hupelekwa mahakamani kama shauri la madai, si la jinai, na watu wengi hawajui kwamba hilo linakusaidia. Kwenye jinai upande wa mashtaka hutakiwa kuthibitisha kosa pasipo shaka ya msingi. Kwenye ombi lako, kwa kawaida inatosha hakimu aone kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba unayoyasema yametokea kuliko kwamba hayakutokea. Huhitaji mfupa uliovunjika. Unahitaji kiapo, yaani maelezo yako ya maandishi unayoyaapia kuwa ni kweli, kilichoandikwa vizuri.

Hapo niruhusu nikae kidogo, maana ndipo maombi mengi yanapofia. Nimesoma viapo visivyo na idadi vyenye sentensi kama hii (mjibu maombi ni yule unayemlalamikia): "Mjibu maombi amekuwa akinisumbua kwa muda mrefu na ninaishi kwa hofu." Ni kweli, na hakimu hana pa kuishika. Sasa soma hii niliyoitunga kwa mfano:

"Jumanne tarehe 4, saa 11:40 jioni (17:40), nilipotoka lango la ofisi niliona gari la mjibu maombi limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameshusha kioo, ananitazama. Nilirudi ndani. Mlinzi wa lango alimwona. Saa 12:05 (18:05) nilipokea ujumbe kutoka namba nisiyoijua: 'Nilidhani gauni la bluu lilichanika.' Gauni hilo lilichanika usiku mjibu maombi aliponipiga na kuniburuta kwa nguo. Nililishona mwenyewe na sikumwambia mtu."

Ujumbe ule mgeni akiusoma ataona pongezi ya nguo. Hauna tusi, hauna tisho. Wewe ukiusoma unasikia mkono shingoni. Kazi ya kiapo ni kumfikisha hakimu pale ulipo wewe, na hafiki kwa kuambiwa kwamba unaogopa. Anafika ukimweleza gauni lilichanikaje. Ndiyo maana vipigo vile vitatu vya zamani lazima viandikwe, hata kama una aibu, hata kama hukwenda hospitali. Ndivyo vinavyoyapa maana matendo ya sasa. Ukiviacha, unabaki na mwanamume aliyekaa kwenye gari lake.

Umeona nilivyoandika saa mara mbili? Sisi tunasema saa 11:40 jioni, simu inaandika 17:40. Niliwahi kumwona wakili wa upande wa pili akimhangaisha shahidi robo saa nzima kwa tofauti hiyo, kana kwamba amemnasa akisema uongo. Andika zote mbili.

Ushahidi wako weka katika hali yake ya asili. Usifute ujumbe wowote, hata ule unaokuchafua roho. Picha ya skrini ionyeshe namba, tarehe na saa, siyo maneno peke yake, na simu yenyewe uitunze kwa sababu unaweza kuombwa uionyeshe. Kwa zile namba mpya, ziorodheshe moja baada ya nyingine na ueleze kwa kila moja ulijuaje kuwa ni yeye: sauti, jina analokuita, jambo mnalolijua wawili. Baadhi ya sheria humwezesha hakimu kuiagiza kampuni ya mawasiliano itaje mwenye namba. Ile ya Afrika Kusini ya 2011 ni mojawapo.

Ukiwa na hofu kwamba akisikia umefungua shauri atakudhuru kabla ya siku ya kusikilizwa, mwambie karani unaomba amri ya muda kwa kusikilizwa upande mmoja. Maana yake hakimu anasoma kiapo chako, pengine anakuuliza maswali machache, na anaweza kutoa amri bila mwenzako kuwepo, kisha anapanga tarehe ya wote wawili kufika. Kasi hutofautiana. Brazil, chini ya Sheria ya Maria da Penha ya mwaka 2006, hakimu ana saa 48 za kuamua. Kwingine ni siku hiyohiyo, na kwingine utasugua benchi. Muhimu kiapo kiseme wazi kwa nini kusubiri ni hatari. Bila aya hiyo, hata hakimu mwenye huruma atasema mwenzako aitwe kwanza.

Tarehe ile ya pili usiikose. Amri ya muda ina mwisho, na nimeona zikifa kifo cha bure kwa sababu mwombaji aliona utulivu wa wiki mbili akadhani mambo yamekwisha. Asipokuja yeye, ilhali alikabidhiwa wito, mahakama inaweza kuendelea bila yeye. Usipokuja wewe, kwa kawaida ombi hutupwa.

Maneno ya amri ndiyo mali. "Mjibu maombi asimsumbue mwombaji" ni sentensi nzuri ya kusomwa na mahakimu, lakini askari barabarani usiku hajui kusumbua kunaanzia wapi. Omba vitu vinavyopimika. Asifike ndani ya mita kadhaa kutoka nyumbani kwako, kazini kwako na shule ya mtoto, kila mahali pakitajwa. Asikupigie, asikuandikie, kwa namba yake au ya mwingine, wala kwa akaunti yoyote ya mtandaoni. Asimtume mtu akuletee habari. Hili watu husahau, kisha shemeji anaanza kupiga simu "kwa nia njema". Asiweke kifaa chochote cha kufuatilia nyendo zako. Kama ana silaha yenye leseni, iseme na uombe isalimishwe. Na ikiwa hajui unakoishi sasa, mwambie karani kabla hujaijaza fomu, uulize namna ya kuficha anwani, kwa sababu nakala ya karatasi zako itafika mikononi mwake. Nimeona anwani mpya ya mtu imechapwa vizuri kabisa kwenye ukurasa wa kwanza wa ombi.

Mtoto. Hapa ndipo amri nyingi hutobolewa. Mahakama ikikataza mawasiliano yote halafu ikamruhusu baba amwone mtoto bila kueleza namna, umempa sababu halali ya kukupigia kila siku: mtoto amekula? Ana homa? Nije kumchukua saa ngapi? Omba yaandikwe humohumo: mtoto akabidhiwe wapi, siku gani, saa ngapi, kupitia kwa nani asiyekuwa wewe, na kama mawasiliano kuhusu mtoto ni lazima, yawe kwa maandishi tu, njia moja, na yahusu mtoto peke yake. Kama una sababu ya kuhofia kwamba atamdhuru au kumtorosha, omba mtoto naye atajwe kama anayelindwa, na ueleze sababu. Usimtaje kwa ajili ya kumkomoa baba. Mahakimu hulinusa hilo haraka, na utapoteza imani yao kwa yale mengine ya kweli.

Mlangoni mwa mahakama utaletewa mambo mawili. La kwanza, wakili wake atakuja na tabasamu: mteja wangu yuko tayari kuahidi mbele ya hakimu, tusipoteze muda. Ahadi mahakamani ina uzito wake, lakini Uingereza, kwa mfano, kuvunja amri ya kutosumbua ni jinai tangu mwaka 2007, kifungo chake kinafika miaka mitano, na polisi wanakamata papo hapo. Kuvunja ahadi ni kuidharau mahakama, nawe ndiye unayerudi kulalamika. Uliza mapema nchini kwako tofauti ni ipi, kisha ndipo ukubali au ukatae. La pili, utaambiwa mpeane amri wote wawili ili "pasiwe na mshindi". Kataa, isipokuwa kama kweli nawe ulimwandama. Siku atakapokuja mlangoni kwako akiwa na karatasi inayofanana na yako, askari atawatazama wote wawili, na usishangae akiwabeba wote wawili.

Sasa lile swali la kumchokoza. Kaka yako ameona jambo la kweli. Wengi wa wanaume hawa hupungua wakijua kuna jela mbele. Wapo wachache ambao amri huichukua kama tusi, hasa waliowahi kukukaba shingo, waliotishia kukuua au kujiua, wenye silaha, au ambao hawana tena cha kupoteza. Kama wako ni miongoni mwao, usiache kuomba amri kwa hofu hiyo, ila usiifanye iwe kinga yako pekee. Saa ya hatari zaidi ni pale anapokabidhiwa hati. Basi usimpelekee wewe, wala kaka yako. Hiyo ni kazi ya tarishi wa mahakama au polisi. Waombe wakujulishe ikishafika. Panga usiku huo wewe na mtoto mlale mahali asipopajua. Mlinzi wa lango na mwalimu wa mtoto wawe na nakala. Na hati isipomfikia, katika sehemu nyingi haimfungi: atasema hakujua, na hilo ni swali la pili kati ya yale matatu ya askari. Kwa hiyo hakikisha jalada lina uthibitisho wa makabidhiano.

Nakala iliyothibitishwa weka kwenye mkoba, picha yake weka kwenye simu, nyingine peleka kituo cha polisi kilicho karibu na kwako na kile kilicho karibu na kazini. Afrika Kusini hakimu hutoa amri pamoja na hati ya kukamata iliyosimamishwa, inayosubiri tu mtu akosee. Uliza kama kwenu kuna kitu kama hicho. Siku akivunja, hata kwa salamu ya "umeamkaje", andikisha. Usiseme hii ni ndogo, ningoje kubwa. Mtu wa namna hii huipima amri kama mtoto anavyopima maji kwa kidole. Akiona kidole hakikuungua, anaingiza mguu. Wewe nawe usimjibu. Amri inamfunga yeye, si wewe, na jibu lako halimhalalishii chochote. Lakini wakili wake atalisoma kwa sauti mbele ya hakimu, polepole, pamoja na kile kikatuni cha kucheka ulichoweka mwishoni.

Nimeiacha ile Jumapili mpaka sasa kwa sababu ina tahadhari yake. Mtu akijua ulikokwenda nawe hukumwambia yeyote, kuna mambo machache ya kukagua: akaunti yako ya simu bado iko wazi kwenye kifaa chake cha zamani, kuna ruhusa ya mahali ulipo mliyopeana mkiwa pamoja, kuna programu ya siri kwenye simu, kuna kifaa kidogo kwenye gari au mkoba, au kuna kitu kwenye simu au saa ya mtoto. Kifaa cha kufuatilia kama AirTag kina ukubwa wa kifungo kikubwa cha koti, na kinajificha hata ndani ya mdoli. Utatamani kukiondoa mara moja. Subiri. Ukikiondoa, atajua umejua, na ushahidi umekwenda nacho. Kipige picha mahali kilipo, andika tarehe na saa, kisha kiondolewe kituoni mbele ya askari, ukiwa tayari umejua utalala wapi. Na kama unashuku simu yenyewe, barua ya namna hii usiiandikie humo tena, wala mahakama usiitafutie humo. Azima ya mfanyakazi mwenzako. Nenosiri badilisha kupitia kifaa ambacho yeye hajawahi kukishika, ukianza na lile la barua pepe, kwa sababu ndilo linalofungua mengine yote.

Kwa hiyo, nimsikilize nani, umeuliza. Nenda na dada yako mahakamani wiki hii, na kaka yako, ambaye naona anakuogopea kuliko anavyosema, mpe kazi ya kumpokea mtoto shuleni siku hati itakapokabidhiwa. Daftari anza nalo usiku huu. Ukurasa wa kwanza andika tarehe ya kipigo cha kwanza. Kama huikumbuki, andika ilikuwa siku ngapi kabla au baada ya jambo unalolikumbuka.